Slasha na rotaveta: trekta dogo libebe ipi?

Anayenunua trekta dogo huangalia kwanza namba iliyobandikwa kwenye boneti. Ikisomeka 35, anatafuta zana ya hosipawa 35, na kosa la kwanza limeshafanyika. Namba ile ni ya injini. Slasha, yaani mashine ya kufyekea, na rotaveta, mashine ya kusaga udongo kwa meno yanayozunguka, huzungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kupeleka nguvu ya injini kwenye zana, na mpaka nguvu ifike huko, gia na pampu ya haidroliki zimeshachukua fungu lao. Trekta la hosipawa 35 hubakiwa na 28 hadi 30 hivi kwenye PTO, na lile la haidrostatiki, linaloendeshwa kwa msukumo wa mafuta, hupoteza zaidi kidogo kuliko la gia za kawaida. Kitabu cha trekta hutaja namba zote mbili. Ile ndogo ndiyo ya kupigia hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa slasha, tenga hosipawa 5 za PTO kwa kila sentimita 30 za upana. Kwa rotaveta, 5 kwenye udongo laini na 7 kwenye mfinyanzi au shamba lililokaa muda mrefu bila kulimwa. Mwenye 28 kwenye PTO atavuta slasha ya mita 1.5 bila taabu, lakini rotaveta ya upana huohuo itamkohoza kwenye mfinyanzi. Achukue ya mita 1.2. Ushauri wangu ni uleule siku zote: ukisita kati ya zana pana nyepesi na nyembamba nzito, chukua nyembamba nzito. Upana unaokosa utaufidia kwa kupita mara moja zaidi. Bati jembamba lililopinda halina fidia.

Kabla ya kulipa, pima pia upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi wa nyingine. Rotaveta ikiwa nyembamba kuliko hapo, tairi zitakanyaga tuta ulilolima punde na kuacha mfereji ulioshindiliwa. Dawa ipo. Rotaveta nyingi zinaweza kusogezwa upande mmoja ili zifute alama ya tairi moja, nawe ukapanga mizunguko yako upande huo ndio uwe unaelekea palipolimwa. Matrekta mengi pia yana rimu zinazogeuzwa ndani nje ili kupunguza upana.

Sasa ukataji. Jiulize nyasi zikishakatwa unataka ziwe nini. Slasha ya kawaida ina visu viwili vilivyofungwa kwa boliti na kuachwa vicheze, ili vikigonga jiwe vikunjike badala ya kuvunjika. Inamaliza magugu marefu na vichaka vya unene wa kidole gumba, haichagui. Ila inasaga. Mfugaji anayepitisha slasha kwenye nyasi za kukausha kwa ajili ya ng'ombe atakusanya vipande vifupi vilivyochanganyika na vumbi, na nusu itabaki chini. Huyo anahitaji mashine inayokata mara moja tu pale chini na kulaza bua zima: ya meno yanayokwenda mbele na nyuma kama mkasi, au ya pipa linalozunguka. Ile ya meno ndiyo hula nguvu kidogo kuliko zote, ndiyo maana trekta dogo huimudu, lakini visu vyake hudai kunolewa kila mara na haipendi vichuguu.

Palipo na watu, nyumba au barabara karibu, fikiria mashine ya visu vingi vidogo vinavyoning'inia kwenye roli moja la kulala. Ni nzito na inakula nguvu zaidi kwa upana uleule, lakini inadondosha takataka palepale nyuma yake. Slasha hurusha. Nimeona jiwe la ukubwa wa yai likitoka chini ya slasha na kutoboa bati la banda lililokuwa mbali kuliko nilivyodhani salama. Minyororo inayoning'inia mbele na nyuma ya slasha kuzuia mawe si pambo. Ikikatika, funga mingine kabla ya kurudi kazini. Kwa uwanja wa nyasi fupi wa kupendeza, kuna mashine ya visu vitatu na magurudumu yake yenyewe. Usiipeleke porini.

Jambo jingine kuhusu slasha: visu vikishachanganya vinakuwa na uzito wa mwendo. Kwenye matrekta ya zamani, ukikanyaga klachi ili usimame, visu vinaendelea kuzunguka na kulisukuma trekta mbele kupitia PTO. Kuna klachi ndogo ya kuachia, inayozunguka upande mmoja tu, ambayo huvishwa kwenye shafti na kumaliza shida hiyo. Ulizia kama trekta lako linaihitaji.

Rotaveta ndiyo inayopendwa kupita kiasi. Inatoa shamba kama unga, na macho yanafurahi. Lakini haikuumbwa kuvunja ardhi bikira. Hapo meno hudunda juu na trekta husukumwa mbele. Pasua kwanza kwa plau au majembe ya kuchimbua, kisha rotaveta ifuate. Na kama shamba lina ukoka au ndago, usiiingize kwanza. Kila kipande cha mzizi kilichokatwa huchipua upya, na ulichokifanya ni kupanda magugu kwa mashine. Hata kwenye shamba safi, kupita kina kilekile cha sentimita 12 mwaka hadi mwaka hutengeneza tabaka gumu chini ya meno, maji yakatuama juu yake. Badilisha kina, na usipite mara tatu pale ambapo mara moja inatosha.

Unyevu ndio mwamuzi. Chimba kwa mkono hadi kina cha kiganja, chukua udongo, ufinye ngumi. Ukifungua vidole ukakuta donge linaling'aa lenye alama za vidole vyote, nenda nyumbani. Donge likivunjika ukiligusa kwa kidole gumba, washa trekta, ingia gia ya polepole kabisa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka au chini ya hapo.

Uzito husahaulika. Uwezo wa kunyanyua unaoandikwa na watengenezaji wengi hupimwa sentimita 61 nyuma ya ncha za mikono ya kubebea zana, na zana ndefu huweka uzito wake mbali zaidi. Ukinyanyua rotaveta na usukani ukawa mwepesi ghafla, tairi za mbele zimepoteza mzigo. Ongeza vyuma vya uzito mbele. Zana na trekta ziwe pia za daraja moja la pini za kufungia: matrekta madogo mengi ni daraja la 1, pini za chini zikiwa za milimita 22.

Shafti ya PTO usiikubali kwa kuitazama tu. Funga zana, inyanyue na kuishusha taratibu injini ikiwa imezimwa, utafute pale ambapo umbali ni mfupi kuliko kote. Hapo mabomba mawili ya shafti yanayoingiliana yabakize nafasi ya sentimita 2.5 hivi kabla ya kugotana. Umbali ukiwa mrefu kuliko kote, angalau theluthi moja iwe bado imeingiliana. Shafti ikiwa ndefu mno, kata bomba la ndani, la nje na kava zake kwa kiasi kilekile, toa kingo kali kwa tupa, paka grisi. Kava ya plastiki irudi mahali pake. Shafti tupu hushika nguo haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele.

Kwenye rotaveta, mimi hutafuta yenye klachi ya kuteleza badala ya boliti ya kukatika, vyote vikiwa vya kulinda mashine jino likinasa, lakini klachi hiyo ina masharti yake. Mwaka mmoja niliiacha nje msimu mzima wa mvua. Siku ya kwanza ya kulima jino lilinasa kwenye kisiki, sahani za klachi zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na kilichokatika ni krosi ya shafti. Siku hizi kabla ya msimu nalegeza nati zote za springi kwa mizunguko sawa, nashusha meno ardhini, naunganisha PTO kwa sekunde chache mpaka sahani ziteleze na moshi mwembamba uonekane, nazima, naacha zipoe. Kisha nakaza nati hadi kipimo cha kwenye kitabu, si zaidi.