Somo: Kumrudishia mgonjwa wa kiharusi upande wake wa kushoto

Anakula nusu ya sahani na kusema amemaliza. Ananyoa shavu moja. Ukimsemesha ukiwa kushoto kwake, anakutafuta kulia. Nyumbani wengi hudhani amekuwa mkaidi, na hilo huniuma, kwa sababu hafanyi kusudi. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Ubongo, hasa ulioumia upande wa kulia, ndio ulioacha kuujali upande wa kushoto. Mwaka 1978 watafiti Bisiach na Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili wa aina hii waueleze kwa kumbukumbu uwanja wa kanisa kuu la Milan. Majengo ya kushoto yakaachwa. Walipoambiwa wajione wamesimama upande wa pili wa uwanja, wakayataja yale waliyoyaacha, wakayaacha waliyoyataja.

Hatua ya 1. Chora vijistari vilivyotapakaa karatasi nzima, iweke katikati ya kifua chake, mwombe avikate vyote kwa kalamu. Hesabu vilivyobaki kushoto, andika tarehe. Rudia kila wiki.

Hatua ya 2. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa. Asianze kusoma mstari wowote kabla hajauona utepe. Siku za mwanzo mwambie, "Tafuta nyekundu." Baadaye mguse tu bega la kushoto. Mwishowe nyamaza, ajikumbushe mwenyewe. Hapa ndipo walezi tunapoharibu: tunamwonea huruma, tunamwonyesha. Subiri, hata kimya kikikuchosha. Akizoea ukurasa, hamia kwenye meza, kisha chumba, kisha korido.

Hatua ya 3. Kama mkono wa kushoto unacheza hata kidole kimoja, akichezeshe upande huohuo wa kushoto wakati anatafuta. Usimvute mkono; bega lililolegea huteguka upesi.

Hatua ya 4. Hii ni ya mtaalamu. Mgonjwa huvaa miwani ya prizimu inayosogeza picha kulia, kwa kawaida nyuzi 10, kisha hunyooshea kidole alama iliyo mbele yake mara nyingi. Mwanzo hukosea kuelekea kulia, halafu hujirekebisha. Miwani ikivuliwa, mkono huelekea kushoto. Mtafiti Rossetti na wenzake walionyesha faida yake mwaka 1998. Tafiti za baadaye zimetofautiana kuhusu msaada wake katika shughuli za kila siku, kwa hiyo msiache hatua ya 2 kwa ajili ya miwani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, vitu vyake vyote tuviweke kushoto ili alazimike kutafuta?
Hapana, dada. Maji, dawa na kengele ya kuitia viwe kulia, asije akakosa msaada usiku. Kushoto weka vya mazoezi, na wewe mwenyewe ukae huko mnapozungumza.

Baba anakataa katakata kwamba ana tatizo. Tufanyeje?
Kutojua ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, msibishane naye. Akimaliza kukata vijistari, sogeza karatasi yote kulia kwake, avione alivyoviacha. Mpe muda avikate, bila kumsimanga.

Mume wangu anakata vijistari vyote sasa. Anaweza kuendesha gari?
Bado, mama. Karatasi haina pikipiki inayochomoza ghafla kushoto. Kwanza mtazame anavyopita mlangoni: je, bado anagonga bega la kushoto? Hata akipita salama, asishike usukani mpaka daktari ampime na kumruhusu.