Jinsi ya kusoma majibu ya protini za damu kwa mama mjamzito, mwenye kisukari na asiye nacho

Nilipoanza kazi ya maabara, niliandika jibu la albumini (protini kuu ya damu, inayotengenezwa na ini) 30 la mama mwenye mimba ya miezi minane, nikalizungushia wino mwekundu. Akaambiwa huenda ini lake ni bovu, akakaa na hofu hiyo siku kadhaa. Hakuwa mgonjwa. Tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1. Uliza mimba ina wiki ngapi, uandike kwenye fomu. Mama akae kwanza kama dakika 15. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Ukikaa sana, maji hutoka mshipani na protini hupanda kwa uongo.

Hatua ya 2. Soma albumini. Asiye mjamzito huwa na gramu 35 hadi 50 kwa lita. Lakini kuelekea miezi ya mwisho, maji ya damu ya mjamzito huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50. Ni kama mchuzi ulioongezwa maji: chumvi ni ileile, ila haisikiki. Kwa hiyo 30 katika mwezi wa nane, peke yake, si ugonjwa. Fibrinojeni, inayogandisha damu, hufanya kinyume: hupanda kutoka gramu 2–4 kwa lita hadi 4–6, mwili ukijiandaa kwa uzazi. Ndiyo maana ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye kichupa) ya mjamzito huwa juu hata akiwa mzima.

Hatua ya 3. Aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba apimwe protini ya mkojo hudhurio la kwanza kabisa. Figo zilizoumizwa na sukari huweza kuvujisha protini hata kabla ya wiki ya 20. Bila namba hiyo ya mwanzo, wiki ya 30 utakuta protini imepita miligramu 300 kwa saa 24, usijue kama ni figo za zamani au ni dalili za kifafa cha mimba. Presha nayo ikifika 140/90, mama amwone daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. HbA1c isome kwa tahadhari. Hii ni himoglobini iliyoshikwa na sukari, nayo inategemea umri wa chembe nyekundu. Mjamzito hutengeneza chembe changa kwa wingi, ambazo hazijakaa na sukari muda mrefu, hivyo jibu hushuka. Upungufu wa madini ya chuma hulipandisha, selimundu hulishusha. Nimeona asilimia 5.4 kwa mama ambaye kipimo cha kunywa glukosi kilimkuta na kisukari cha mimba. Basi wiki ya 24 hadi 28, asiyekuwa na kisukari kabla ya mimba mpe gramu 75 za glukosi anywe, umpime sukari ya damu kwa milimoli kwa lita. Akiwa hajala: 5.1, baada ya saa moja: 10.0, baada ya saa mbili: 8.5. Namba moja tu ikifikiwa inatosha kusema ana kisukari cha mimba.

Hatua ya 5. Mwenye kisukari cha mimba akishajifungua usikimbilie HbA1c, maana damu iliyomwagika nayo huleta chembe changa. Mpangie kipimo cha kunywa glukosi tena wiki ya 6, siku anayomleta mtoto kliniki.