Nne kubwa: kuifundisha bendi ya matarumbeta mdundo wa New Orleans

Mimi ni mpiga ngoma kubwa. Miaka kumi na moja natembea na matarumbeta kwenye misafara ya harusi Temeke, na tulipotaka kuupiga mdundo wa bendi za barabarani za New Orleans, mji wa Marekani, tulikosea jambo moja: tulianza na matarumbeta. Anza na ngoma.

Dramu za kukaa ziacheni nyumbani. Kule kazi wanagawana wawili wanaotembea, mmoja ngoma kubwa, mwingine ngoma ndogo. Mwenye ngoma kubwa hufunga toazi juu ya ngoma yake na kuligonga kwa bisibisi au waya wa henga. Mimi natumia bisibisi, maana mlio wake unapenya hata honi za bodaboda.

Sasa hesabu nne, mara mbili. Nne za kwanza piga moja na tatu, kama gwaride. Nne za pili piga tena moja na tatu, halafu lile la nne lishushe kwa nguvu kuliko yote. Wenyewe wanaliita nne kubwa. Hapo ndipo kiuno kinapokubali. Sisi tuliimba kwa mdomo tu, du, du, du, du-DUM, wiki tatu kila jioni chini ya mwarobaini, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa tarumbeta. Msiharakishe hatua hii, nawasihi.

Halafu suzafoni, lile tarumbeta kubwa la besi linalomzunguka mpigaji mwilini. Zamani ilishika moja na tatu basi. The Dirty Dozen Brass Band, bendi ya kule iliyoanza 1977, waliileta barabarani fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, na mpiga suzafoni wao Kirk Joseph akalipiga dude lile kama gitaa la besi. Mpe mpigaji wako kipande kifupi kimoja, akirudie bila kuchoka, atue pamoja nawe kwenye nne kubwa, na kipande kiwe na mwanya wa kuvuta pumzi. Pumzi ikikata aruke noti, asichelewe. Simama ubavuni pake. Bendi nyingine ya kule, Rebirth Brass Band, iliyoanzishwa 1983 na vijana wa shule, ilijengwa juu ya ndugu wawili: Phil Frazier kwenye suzafoni, Keith kwenye ngoma kubwa.

Tarumbeta na tromboni ni rahisi: vipande vifupi, huku wanaita, kule wanaitika.

Ila nyimbo za kanisani msizitupe, ndiyo mizizi yake. Kwenye mazishi ya kule bendi huenda makaburini polepole, kitambaa kimewekwa chini ya nyuzi za ngoma ndogo ili isilie kwa ukali. Wakishaagana na marehemu, kitambaa kinatolewa, ngoma inanguruma, na msafara unarudi ukicheza. Fanyeni hivyo mazoezini: wimbo uleule, polepole, kisha toa kitambaa.

Mkitoka barabarani, tazama miguu ya wanaofuata nyuma, si nyuso zao. Ikilegea, nyamazisha tarumbeta zote, baki wewe na suzafoni mpaka nne kubwa iwashike tena.