Kutembea na watoto msitu wa Thetford: pa kuanzia, na mambo ya kuangalia

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza, hasa nyie wa London, Cambridge, Peterborough na Norwich, kila likizo ya shule ikifika swali ni lile lile, watoto tunawapeleka wapi bila kumaliza mshahara. Mie jibu langu saivi ni Thetford Forest, pale mpakani mwa Norfolk na Suffolk. Ni msitu wa misonobari wa zaidi ya hekta 18,000, na ardhi yake ni tambarare kweli kweli. Hakuna mlima wa kupanda, mtoto wa miaka mitatu anatembea mwenyewe na bibi mwenye magoti mabovu anakuja pia. Ila utambarare huo una mitego yake, na ndo nataka niwaelekeze kabla hamjaenda.

Kwanza mjue mnaingia wapi. Huu msitu sio wa asili, umepandwa. Vita kuu ya kwanza ilipoisha Waingereza wakajikuta mbao hawana, wakaunda Forestry Commission, shirika la serikali la misitu, mwaka 1919, na hapa miche ikaanza kupandwa 1922. Eneo lote linaitwa Breckland, ni mchanga mtupu na mvua yake ni kidogo ukilinganisha na sehemu nyingi za nchi hii. Zamani huo mchanga ulikuwa unahama na upepo, na mwaka 1668 watu waliandika jinsi ulivyofunika mashamba na nyumba kijiji cha Santon Downham. Kwa hiyo miti utaikuta kwenye mistari iliyonyooka, kitalu baada ya kitalu, na njia pana katikati. Aliyewahi kupita Sao Hill kule Mufindi ataipata picha haraka, tofauti kule kuna vilima.

Sasa mtego wa kwanza ndo huo. Mtoto hapa hachoki miguu, anachoka macho. Unamweka kwenye njia iliyonyooka, miti ile ile kushoto na kulia, dakika ishirini tu anaanza "mama bado?" na hapo hata kilomita moja hamjamaliza. Kwa hiyo usichague njia kwa urefu wake, chagua kwa vitu vilivyopo njiani.

Kama ndo mara ya kwanza anzeni High Lodge, karibu na mji wa Brandon. Kuna vyoo, mgahawa, sehemu ya kuchezea, baiskeli za kukodi, na njia zinaanzia pale pale zikiwa na vigingi vya rangi. Chukueni ile fupi kabisa kwanza hata kama watoto wanajiona mashujaa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kilomita mbili mpaka tatu zinamtosha, na mie huwa nahesabu saa nzima kwa kila kilomita mbili maana kuna kusimama, kuna kukojoa, kuna kuokota vijiti. Paking inalipiwa kulingana na muda mliokaa, na wikiendi za jua panajaa, fikeni kabla ya saa 4 asubuhi.

Mkishazoea nendeni Lynford, upande wa Mundford. Hii ndo naipenda kuliko zote. Kuna bustani ya miti yenye aina zaidi ya 200, kuna ziwa, na ukitembea dakika chache tu mandhari inabadilika. Na sio mbali na hapo kuna sehemu ya pikniki yenye sanamu ya kulungu wa chuma ambayo enzi hizo ilikuwa inatumika kujifunzia shabaha ya uwindaji, watoto wangu hawaondoki mpaka waiguse. Kuna mchezo naufanya na wanangu popote pale msituni: kila mtu aokote sindano za msonobari zilizodondoka halafu apime kwa kiganja. Utakuta zote zimeshikana mbili mbili, lakini za msonobari aina ya Scots pine ni fupi, zimejipinda na zina ubluu kwa mbali, mtoto anazifunika kiganjani zote, na za aina ya Corsican pine ni ndefu zinatokeza nje ya vidole. Halafu waambie waangalie juu, Scots pine gome lake la juu ni rangi ya chungwa kama limepakwa, ile nyingine ni kijivu mpaka juu. Binti yangu ana miaka sita na ananirekebisha siku hizi. Mchezo huo tu umenipa kilomita nzima bila lawama.

Ya tatu ni kando ya mto Little Ouse pale Santon Downham. Maji, daraja, bata, watoto wanafurahi sana, lakini njia ya mtoni ina mizizi na tope, kigari cha mtoto kiacheni kwenye gari mumbebe kwa mbeleko. Hata zile njia nyingine, kama kigari chako kina vile vitairi vidogo vya mjini kitazama kwenye mchanga laini na utakisukuma huku jasho linakutoka, matairi makubwa ndo yanafaa.

Wenye watoto wakubwa kidogo wanaweza kuongezea Grime's Graves, humo humo msituni. Kuna mashimo zaidi ya 400 ambayo watu walichimba mawe ya gumegume miaka kama 4,500 iliyopita, na kuna shimo moja unashuka chini kama mita 9. Angalieni kwanza siku za kufungua na umri wanaoruhusu.

Mtego wa pili ni kupotea, na hapa naomba mnisikilize. Mlimani ukipotea unaangalia bonde liko wapi, hapa hakuna cha kuangalia, kila njia panda inafanana na ile uliyoiacha. Sisi mwaka wa kwanza tulikata kitalu katikati tufupishe njia, tukatokea kwenye njia pana tukajua ndo yenyewe, tukatembea dakika arobaini upande sio, mdogo yuko mabegani kalala na maji yameisha. Tangu siku hiyo nina utaratibu na siuvunji. Ubao wa ramani pale mwanzo naupiga picha, ramani naipakua kwenye simu maana netiweki inakatika, mahali nilipopaki naseti kabisa. Tunafuata rangi moja ya vigingi, na tukitembea muda bila kuona kigingi hatuendi mbele, tunarudi mpaka kile cha mwisho tulichokiona. Kukata kitalu hapana. Kila mtoto ana filimbi shingoni na anajua akipotea anakumbatia mti mmoja, anakaa hapo hapo na anapuliza. Desemba giza linaingia saa 10 jioni, kwa hiyo saa 8 muwe mmeshageuza.

Alafu kupe. Msitu huu unao, na kuna wanaobeba ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria yanayoingia kupe akikuuma. Suruali ndefu iingie ndani ya soksi, watoto wasipite kwenye majani marefu pembeni, na mkirudi kagueni kabla ya kuoga: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nyuma ya masikio, na kwenye nywele hasa za kusuka pitisha vidole mstari kwa mstari. Kupe mchanga anaweza kuwa mdogo hata kuliko punje ya ufuta, mie nilimkuta mmoja nyuma ya goti la mwanangu nikadhani ni uchafu mpaka nilipousugua haukutoka. Mtoe kwa kibanio, mshike karibu kabisa na ngozi uvute taratibu moja kwa moja juu. Usipake mafuta wala kumchoma kama tulivyozoea kuona kwa ng'ombe nyumbani. Wiki zinazofuata mwangalie mtoto, kama kuna duara linalosambaa au homa na uchovu nendeni kwa daktari na mumwambie mlikuwa Thetford na kupe mlimtoa. Kwenye ngozi zetu nyeusi hilo duara halionekani jekundu vizuri, linaweza kujificha, kwa hiyo angalia kwenye mwanga mzuri na usisubiri uone picha kama ya kwenye vipeperushi.

Nyoka yupo pia, adder, ndo nyoka pekee wa asili mwenye sumu Uingereza. Siku za jua anaota jua kwenye mchanga. Hana shida na mtu, mkimwona simameni mbali apite.

Magogo yaliyopangwa pembeni ya njia watoto wasipande hata kwa picha, yanabingirika. Na nyama choma wekeni nyumbani, mchanga ule na sindano kavu moto unashika dakika moja. Pikeni kabisa, chapati, mayai, chai kwenye chupa, inatosha.

Mkifika kwenye gari kung'uteni viatu nje, mchanga wa Breckland unaingia kila mahali. Na mruhusu kila mtoto abebe koni moja ya msonobari iliyofunga. Usiku iwekeni karibu na radieta, asubuhi mtaikuta imefunguka magamba yote, mkiilowesha inajifunga tena, ikikauka inafunguka. Ya kwetu iko dirishani jikoni tangu Septemba na kila wakienda shule wanaichungulia kwanza imekaaje.