Somo: Rangi ya kiini cha yai kwa maelekezo ya mwaka 1400 na mayai ya Dar

Salaam wakuu. Wengi mliuliza ile picha ya sura ya bibi niliyoichora niliipaka kwa rangi gani. Si mafuta wala akriliki, ni yai. Mbinu nimeichimba kwa Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika maelekezo ya karakana mnamo mwaka 1400 hivi. Kuna sehemu za mzee huyu nilizisoma mara kumi nisizielewe mpaka nilipochafua mikono.

Hatua ya 1: Ubao. Plaiwudi nene isiyopinda. Cennini anaagiza jasi ilowekwe kwenye maji mengi mwezi mzima, ikikorogwa kila siku. Nikaona hayo ni mbwembwe za mafundi, nikachanganya jipsamu ya dari moja kwa moja na jelatini ya moto. Iliganda sufuriani (sufuria ya mke wangu, tusiliongelee). Jasi iliyochomwa, kama hiyo ya dari, hunywa maji ikawa jiwe; ile ya Cennini iliyolowa mwezi mzima ilishakunywa yote, ikakosa nguvu ya kuganda. Siku hizi nafupisha: nasaga chaki za ubaoni, ambazo nyingi ni jasi iliyokwisha kuganda, nachekecha kwa kitambaa. Jelatini isiyo na sukari gramu 10, maji mililita 120, pasha bila kuchemsha, nyunyiza unga wa chaki mpaka iwe uji mwepesi. Piga ubao mikono sita, kisha msasa laini.

Hatua ya 2: Rangi. Udongo mwekundu, mkaa, na nyeupe ya titani ya dukani. Cennini alitumia nyeupe ya risasi. Hiyo ni sumu, msimfuate huko kwa jina la utafiti. Koroga udongo kwenye ndoo, subiri mchanga utue, mimina maji yenye rangi chombo kingine, yaache usiku kucha. Tope laini la chini ndilo unalolitaka. Lisage na maji juu ya kioo.

Hatua ya 3: Yai. Viringisha kiini viganjani mpaka ute uishe, kishike kwa ngozi yake, toboa, kitiririke kikombeni. Ngozi tupa. Ongeza maji kiasi hichohicho na matone mawili ya siki. Changanya na rangi nusu kwa nusu, paka kidogo kwenye kioo. Ikikauka ikabanduka kwa wembe kama utando, umepatia. Ikitoka unga, ongeza kiini.

Hapa ndipo penye utamu. Cennini anasema sura za vijana zipakwe kwa kiini cha kuku wa mjini kwa kuwa ni cheupe zaidi, za wazee na watu weusi kwa kiini cha kuku wa shamba, chenye wekundu. Yaani kisasa na kienyeji! Nikapaka nyeupe kwenye vibao viwili, kila kimoja na yai lake. Siku ya kwanza cha kienyeji kilikuwa na umanjano wa wazi. Baada ya wiki kadhaa dirishani sikuweza kuvitofautisha, mwanga ulikula umanjano wote. Andikeni nyuma ya kila kibao tarehe na yai, la sivyo mtabaki mnabahatisha.

Hatua ya 4: Kupaka. Brashi nyembamba, mistari mifupi mifupi. Inakauka papo hapo, usijaribu kuisugua.

MASWALI

*Mkuu, haitanuka?*
Ikikauka hainuki. Kiini kilichobaki jioni kitupe, joto letu halina subira hata ukimwaga siki.

*Kwa nini usitumie turubai?*
Turubai hucheza. Rangi hii ikikauka ni ngumu, itapasuka.

*Kaka, nimesoma kwamba Cennini anaanza uso kwa kijani halafu waridi juu. Kwa ngozi zetu inakuwaje?*
Swali zuri, dada. Kijani kile kinafanya kazi kwenye vivuli chini ya waridi, na nyuso alizokuwa akizifikiria ni za Toscana. Nilipoweka kahawia juu yake, uso ulipooza kama wa mgonjwa. Kwa bibi nilianza na udongo mwekundu, kahawia juu, kijani nikakibakiza chini ya kidevu tu. Kanuni yake ya kuanza na rangi inayopingana na ngozi nimeiacha, ila mpangilio wa tabaka ni wake.

*Mayai ya kanga je?*
Sijayajaribu. Ukiyapata niletee mawili, sura ya babu bado haijaisha.