Jinsi ya kujenga tangi la matumbawe nyumbani kwa vifaa vya kujitengenezea

Watu wengi wakiamua kufuga matumbawe wanakimbilia kwa fundi vioo kwanza. Mi nakwambia anza na mawe ya kuweka ndani ya tangi, kwasababu mawe ndo yanakula muda kuliko kitu kingine chochote, miezi miwili kamili, na tangi likishakuwa tayari halafu linakaa tupu sebuleni utashikwa na haraka uanze kutumbukiza vitu kabla ya wakati. Niko Dar, tangi langu ni la lita 200 na lingine dogo chini yake, karibu kila kitu nimetengeneza mwenyewe isipokuwa pampu na taa.

Na hayo mawe usiende kubomoa baharini. Miamba yetu imeshaumia vya kutosha, joto la El Niño la 1998 liliua matumbawe mengi sana pwani hii yote, uvuvi wa baruti nao ukaharibu kwa upande wake, na visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, huchukui kitu pale. Jiwe la saruji la kujitengenezea likiiva vizuri bakteria wanakaa humo na matumbawe yanashika bila shida.

HATUA YA 1: MAWE
Chukua kopo moja la saruji ya kawaida, makopo mawili ya makombe yaliyopondwa (maduka ya vyakula vya mifugo wanayo, ni yale wanayopewa kuku wa mayai), na makopo mawili ya chumvi ya mawe. Chumvi inakuja kuyeyuka baadae na kuacha vitundu vitundu, humo ndo bakteria watakaa. Maji weka kidogo sana, mchanganyiko ushikane tu kama udongo wa kufinyanga. Chimba mashimo kwenye beseni la mchanga mbichi, mwaga humo, chomeka vidole upate matundu na mapango, samaki wanataka pa kujificha. Acha siku mbili, toa, yanyunyizie maji wiki nzima yasikauke haraka yakapasuka.

Baada ya hapo loweka kwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi), badilisha maji kila baada ya siku tatu nne, wiki 6 mpaka 8. Saruji mpya inapandisha pH (kipimo cha asidi na magadi kwenye maji) vibaya sana, samaki hata mmoja hawezi kupona humo. Pima na vile vipimo vya pH vya akwariamu ya maji chumvi: jiwe likikaa siku tatu kwenye maji yaleyale na pH isivuke 8.5 basi limeiva. Bado? Endelea kuloweka, hakuna njia ya mkato.

HATUA YA 2: VIOO
Mawe yakiwa yanaloweka nenda kwa fundi. Tangi la 100 kwa 45 kwa 45 kata kioo cha milimita 10: kitako 100x45, mbele na nyuma 100x45 viwili, pembeni 43x45 viwili, na vipande viwili vya 97x5 vya kubandika juu kwa ndani mbele na nyuma ili kioo kisivimbe katikati. Kioo cha nyuma kitobolewe matundu mawili kabla hujaunganisha, moja katikati yake iwe sentimita 11 kutoka juu na la pili 9, hayo ni ya tanki konekta za plastiki (viungio vya kupitisha bomba kwenye kioo). Usikubali kioo cha temper (kile kilichoimarishwa kwa moto), ukikitoboa kinalipuka chote.

Silikoni ndo watu wanakosea. Nunua ile inayonuka siki, na isiwe ile ya bafuni ya kuzuia kuvu kwasababu sumu inayoua kuvu haitachagua, itaua na viumbe vyako. Futa kingo na spiriti, paka, bana na tepu, acha wiki nzima. Halafu lijaze maji nje uani siku tatu ukiwa umetandaza magazeti makavu chini, lowa lolote utaliona. Kumbuka likijaa pamoja na mawe linafika karibu kilo 270 bila stendi, stendi iwe ya mbao nene au chuma kilichopakwa rangi na sakafu iwe imenyooka.

HATUA YA 3: TANGI LA CHINI NA MABOMBA
Tangi la chini 60x40x40, kioo cha milimita 6 kinatosha. Maji yanashuka yenyewe kupitia konekta ya chini uliyofunga elbo iliyotazama juu, mdomo wa elbo ndo unaamua usawa wa maji, ufunike na neti ya plastiki. Ya pili, nayo na elbo kama hiyo, ni ya dharura ya kwanza ikiziba. Pampu ya lita 1,500 kwa saa inayarudisha juu. Kila kitu kiwe plastiki, hakuna koki ya shaba wala nati ya chuma ndani ya maji, shaba kidogo tu inaua konokono na kamba na matumbawe.

Sasa sikiliza hapa. Umeme ukikatika bomba la kurudishia linageuka mrija, linanyonya maji ya juu kuyashusha chini mpaka lipate hewa. Kwahiyo toboa tundu la milimita 5 kwenye hilo bomba chini kidogo ya usawa wa maji. Mi nilitoboa nikajiona nimemaliza, miezi mitano baadae umeme ukakatika usiku nikaamka sebule nzima maji chumvi, zulia, waya za tivii, na samaki wanahema kwenye maji nusu. Mwani ulikuwa umeziba tundu. Siku hizi kila Jumamosi nalichokonoa na kijiti, na maji ya chini siachi yapite sentimita 22 ili nafasi ya kupokea iwepo. Jaribu kuzima pampu kwa makusudi mara kadhaa kabla hujaweka kiumbe chochote. Na waya zote zipinde chini kabla ya kufika kwenye soketi, tone likitiririka lidondokee sakafuni.

HATUA YA 4: SKIMA
Hii ni mashine ya kutoa uchafu kwa povu, ya dukani ni ghali ila kanuni yake ni nyepesi: uchafu wa protini unanata kwenye viputo vya hewa, viputo vikipanda vinaubeba. Bomba la PVC la inchi 4 urefu sentimita 60, chini liwe na kifuniko, juu ridyusa ya kwenda inchi 2. Bomba la inchi 2 lipenye kwenye kitako cha kopo la plastiki linaloonyesha, lipande sentimita 10 ndani yake, povu likifika juu linamwagikia kwenye kopo. Maji yaingie karibu na juu, yatokee chini kwa bomba la pembeni lililopanda nje likiwa na koki, hiyo koki ndo inarekebisha usawa wa povu. Hewa itoke kwenye kipande cha mti laini ulichokifunga mrija wa pampu ya hewa, mti unatoa viputo vidogo kama maziwa, jiwe la hewa la kawaida viputo vyake ni vikubwa mno. Badilisha mti kila mwezi hivi. Siku za mwanzo halitatoa kitu, usilifungue fungue. Likianza utaona maji ya rangi ya chai yananuka vibaya, hapo jua linafanya kazi.

HATUA YA 5: MAJI
Tuliopo pwani tuna bahati, ila sio kila maji ya bahari ni maji. Usichote karibu na mdomo wa Msimbazi wala sehemu yoyote mto unapoingia, na masika acha kabisa. Mi namlipa nahodha anaenda nje na madumu yangu maji yakiwa yamejaa. Yakae gizani siku kumi, uchafu utuame, chuja. Pima na haidromita (kifaa cha kupima chumvi kwenye maji), unataka 1.025. Wa bara tumieni chumvi maalum ya akwariamu, takriban gramu 35 kwa lita, kwenye maji yaliyochujwa.

Maji yakipungua ongeza maji BARIDI yaliyochujwa, sio ya chumvi. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki, ukiongeza ya chumvi kila siku baada ya mwezi una maji ya chumvi kali kupita kiasi. Boya la plastiki la tangi la choo, dogo, lililounganishwa na ndoo ya juu linakufanyia hiyo kazi lenyewe.

HATUA YA 6: JOTO
Adui mkubwa wa Dar. Miezi ya kaskazi chumba kinafika 31, na matumbawe yakikaa juu ya 30 muda mrefu yanageuka meupe. Feni mbili za kompyuta za volti 12 zipulize juu ya maji, zinashusha nyuzi 2 mpaka 3, maji tu yatapungua haraka zaidi. Feni na pampu ya hewa zifungie betri, umeme ukikatika zisizime.

HATUA YA 7: SUBIRI
Weka mawe, maji, washa kila kitu, tumbukiza kamba mmoja mbichi aoze. Anatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti ambayo haina ukali sana. Wiki 4 mpaka 6. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri ndo unaanza: konokono kwanza, wiki mbili baadae samaki mmoja mdogo (kwa samaki wa baharini ulizia kibali ofisi ya uvuvi), kisha tumbawe laini, kipande kilichokatwa kwenye tangi la mfugaji mwenzako. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), hayasafirishwi nje bila karatasi, na yanataka kalisi (kalsiamu) miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, hayo yasubiri mwaka wa pili. Ukifika huko utadondoshea maji ya chokaa usiku tone kwa tone, ni kitu kilekile cha chokaa ya tambuu ila safi isiyochanganywa.

Kipande cha kwanza kiweke chini, mbali na taa, kisha kipandishe kidogo kidogo kila wiki. Kikikunja siku mbili tatu kiache, usikishike shike. Changu kilifunguka siku ya nne, saa tatu asubuhi.