Kabla Hujafungua Injini ya Trekta la Zamani: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayejiandaa na Mashindano ya Kuvuta

Katika mashindano ya kuvuta, trekta huburuta sledi, yaani chombo kizito chenye uzito unaosogea, umbali mrefu iwezekanavyo. Usifungue nati hata moja kabla hujasoma kanuni za daraja unalotaka kushindania. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Madaraja ya matrekta ya zamani hupangwa kwa uzito, na ndani ya kila daraja kuna mipaka mingine: mwaka wa mwisho wa kutengenezwa trekta, kasi ya injini, kimo cha ndoano kutoka ardhini, pengine hata ukubwa wa silinda na aina ya kabureta. Daraja moja litakubali pistoni kubwa, jingine litataka injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Kanuni za chama kimoja si za kingine. Tafuta zile zinazotumika mahali utakapovuta, na kifungu usichokielewa mwulize mkaguzi kabla ya kuagiza vipuri.

Kisha ielewe kazi inayoisubiri injini hiyo. Shambani ilizoea kulima kutwa kwa mzigo usiobadilika sana. Uwanjani itafanya kazi kwa chini ya dakika moja, lakini mzigo utazidi kila hatua, kwa kuwa kisanduku cha uzito kilicho juu ya sledi husogea mbele kadiri trekta linavyokwenda, na sehemu ya mbele ya sledi huzidi kukandamiza ardhi. Injini inaondoka ikiwa na kasi kamili, halafu inashushwa kidogo kidogo mpaka izidiwe au tairi zianze kuteleza. Kwa hiyo tafuta torki, yaani nguvu ya kuzungusha, isiyopungua kasi inaposhuka. Kasi kubwa ya kujionyesha ukiwa umesimama haitakufikisha mbali.

Pampu ya oili inazungushwa na injini hiyo hiyo. Kasi ikishuka, nayo pampu inapunguza kusukuma, na wakati huo huo beringi zinabeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote. Ndiyo sababu bajeti yangu huanzia chini: kranki (mhimili mkuu unaozunguka), beringi, konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) na njia za oili. Zikibaki pesa ndipo nafikiria pistoni na kabureta. Wengi hufanya kinyume, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Kama injini bado inawaka, ihoji kabla ya kuifungua. Pima kompresheni ya silinda moja moja. Pima presha ya oili injini ikiwa imepata moto sawasawa, kwa sababu oili baridi na nzito huficha beringi zilizochoka. Mwaga oili polepole uone ilichobeba: matone ya maji ni dalili ya gasketi au ufa, na vipande laini vyenye rangi ya fedha ni babiti, yaani metali laini ya beringi, inayobanduka. Injini nyingi za miaka ya 1920 na 1930 zina beringi za babiti iliyomiminwa moja kwa moja kwenye chuma. Kama yako ni ya aina hiyo, mtafute mapema fundi anayeweza kumimina na kuchonga babiti, maana si kila karakana inaifanya kazi hiyo.

Kama imekwama, usiiburute kwa trekta jingine ili izunguke. Vua silinda hedi, mimina mafuta ya kulegeza kutu juu ya pistoni, uipe muda.

Wakati wa kufungua, tia alama kila kitu. Kofia ya konrodi hurudi kwenye konrodi yake na kwa upande wake ule ule, na vipande vyembamba vya bati vilivyo kati ya kofia na konrodi vifungwe pamoja nazo. Bloku na hedi zikishaoshwa, zipelekwe kukaguliwa nyufa kwa chembe za sumaku kabla ya kulipia kazi nyingine yoyote. Nyufa hupenda kukaa kati ya siti za valvu na kwenye kuta za njia za maji, hasa kwa trekta lililowahi kuachwa na maji kwenye baridi ya kugandisha. Konrodi na kranki nazo zikaguliwe vivyo hivyo. Chuma kilichofanya kazi miongo mingi kinaweza kuwa na ufa ambao macho hayaoni, na boliti za konrodi mimi huweka mpya hata kama za zamani zinapendeza.

Baada ya hapo chukua maikromita na daftari. Pima kila silinda juu, katikati na chini, kisha rudia kwa upande unaokatiza wa kwanza. Pima shingo zote za kranki kwa namna hiyo hiyo. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyoamua ukubwa wa pistoni na beringi. Usiagize kabla ya kuvipata.

Kuhusu kupanua silinda, mfano mzuri ni Farmall M, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1939. Silinda zake nne zina upana wa milimita 98.4 na mwendo wa pistoni wa milimita 133.4, jumla kama sentimita za ujazo 4,060. Super M iliyoifuata mwaka 1952 ilibaki na mwendo ule ule, upana ukapandishwa hadi milimita 101.6, na ujazo ukafika takriban 4,325. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 6.5 ambalo kiwanda chenyewe kilikwisha kulifanya. Nakushauri uanzie kwenye mabadiliko ya namna hiyo, ukiruhusiwa na daraja lako.

Kasi ni jambo jingine kabisa. Farmall M ilipangiwa mizunguko 1,450 kwa dakika ikiwa na mzigo. Ukiipeleka 1,900 umeongeza kasi kwa asilimia 31, lakini nguvu inayozivuta konrodi na inayotaka kulipasua gurudumu zito linalozunguka na kranki (flaiwili) inapanda kwa asilimia 72 hivi, kwa sababu hufuata mraba wa kasi. Gurudumu hilo ni la chuma cha kumimina, na likipasuka vipande vyake hurushwa kama risasi. Likaguliwe nyufa, lifungiwe kinga ya chuma, na gavana, yaani kidhibiti cha kasi, iwe nzima isiyokwamakwama. Pistoni na konrodi zipimwe kwenye mizani moja baada ya nyingine, zisawazishwe hadi zilingane kwa gramu chache.

Matrekta mengi ya enzi hizo yaliwashwa kwa petroli kisha yakaendelea kwa mafuta ya taa, hivyo kompresheni yake ni ndogo. Kuipandisha kunaleta nguvu ya kweli, ila kutadai petroli inayofaa, siti ngumu za valvu na muda wa cheche uliopangwa upya. Injini ikigongagonga chini ya mzigo, pistoni hazitadumu.

Jambo ambalo wengi hulisahau: uwanjani trekta hunyanyua pua. Oili yote kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hukimbilia nyuma. Kama bomba la kuifyonza liko mbele, pampu itavuta hewa wakati mzigo umefika kileleni. Kabla ya kufunga sampu, iinamishe na maji ndani yake uone bomba linabaki wapi, kisha weka kizuizi cha bati au sogeza bomba. Bakuli la kabureta nalo huinama, na petroli ikikosekana kwenye jeti, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inaungua.

Swichi ya dharura inayovutwa na kamba ya sledi ijaribiwe injini ikiwa inawaka. Magneto, yaani kifaa kinachojizalishia umeme wa cheche, haizimwi kwa kukata umeme wa betri. Lazima ipelekwe kwenye ethi, na nimeona waya zilizofungwa kwa mtindo wa koili zikiiacha injini ikiendelea kunguruma.

Siku ya kuwasha, jaza njia za oili kwanza: zungusha injini bila plagi mpaka geji ionyeshe presha. Tumia oili yenye zinki ya kutosha kulinda kamshafti. Usiiache ikizembea kwa saa nzima, kwa kuwa pete za pistoni hukaa vizuri zikipewa mzigo wa wastani unaopanda na kushuka. Baada ya kazi hiyo ya kwanza kaza tena hedi kama kitabu cha injini kinavyoelekeza, rekebisha valvu, mwaga oili yote. Filta ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani. Unga mweusi mwembamba si neno. Ukiona vipande vinavyong'aa, vua sampu tena kabla ya kulipakia trekta.